Soma Tarehe Kwanza, Kashata Baadaye

Hiace za watalii zinazopangana karibu na bandari ya Malindi, Unguja, kusubiri boti za Dar es Salaam huoshwa zikang'aa. Vioo hupitishwa kitambaa, viti hufutwa vumbi, na matairi hupakwa dawa ya kuyarudishia weusi wake. Mwenye gari akiulizwa hali ya matairi hayo atainama, atapitisha kidole juu ya kashata, na akiona bado ni nene atasema tairi zima. Hoja yangu ni kwamba kwa gari kongwe la aina hii, katika kisiwa hiki, kashata peke yake haitoshi kumwambia mtu lolote la maana. Tairi la gari hilo lichaguliwe, na likataliwe, kwa mambo mawili yaliyochapwa ubavuni mwake: tarehe lilipotengenezwa na uzito linaoweza kubeba. Hayo yakiwa mabovu, kashata nene, jina kubwa la kampuni na rimu inayometameta havimfai kitu abiria.

Tuanze na gari lenyewe. Hiace ya umbo tunalolijua leo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2004, na nyingi tunazoziona Unguja zimekuja zikiwa zimeshatumika huko kwa miaka. Ng'ambo watu wengine huitia kitanda na jiko wakaifanya nyumba ya safarini; hapa kwetu hutiwa viti vya wageni na nafasi ya masanduku. Matumizi hayo mawili yana ukoo mmoja. Yote hulibebesha gari uzito mkubwa, hulitembeza masafa madogo, kisha huliegesha muda mrefu. Unguja yote, ncha hadi ncha, ni kama kilomita 85. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni kiasi cha kilomita 60, na Paje ni karibu zaidi ya hapo. Ikifika masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza kazi, na gari hukaa wiki nzima bila ya kugeuzwa gurudumu. Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza hukata zaidi ya kilomita 1,100 kwa safari moja; tairi lake hula likaisha kabla halijapata nafasi ya kuzeeka. La Hiace ya watalii hapa huzeeka kabla halijala. Ndiyo maana kashata zake hubaki nene, na ndiyo maana unene huo haumaanishi kitu.

Mpira huharibika hata usipotembea. Hewa ya oksijeni hupenya ndani yake taratibu na kuukausha, jua huuchoma juu, na ozoni iliyomo hewani huupasua nyufa ndogondogo ubavuni. Joto huharakisha kazi yote hiyo. Watengenezaji huchanganya ndani ya mpira nta na dawa za kuukinga, lakini kinga hiyo hujitokeza juu vizuri pale tairi linapozunguka na kujikunja. Likiegeshwa miezi juani, hupungukiwa na kinga wakati ule ule linapoihitaji zaidi. Mitaa ya ndani ya Mji Mkongwe haipitiki kwa gari, kwa hiyo magari haya hulazwa nje, pembezoni mwa bahari na kwenye viwanja visivyo na kivuli. Chumvi nayo ina yake: hula ukingo wa rimu, pale tairi linapokaa kuzuia upepo, na tairi likaanza kupungua kidogokidogo bila ya pancha yoyote. Dereva huongeza upepo leo, kesho kutwa umeshuka tena, mwisho huzoea. Na tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, hupata moto kwa ndani, na moto huo huenda kulegeza gundi baina ya mpira na mikanda ya chuma iliyofichika. Ufa wa ubavuni utauona. Mikanda inayoachana ndani huioni mpaka siku tairi linapobanduka.

Waingereza walilijifunza hili kwa msiba. Tarehe 10 Septemba 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana Liverpool kutoka tamasha la muziki katika Kisiwa cha Wight lilipasukiwa na tairi la mbele karibu na Hindhead, kusini ya London, likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu walikufa, akiwemo kijana wa miaka 18, Michael Molloy. Uchunguzi ulipofanywa, tairi lile lilikutwa na umri wa miaka 19 na nusu. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko basi lililolibeba. Kashata zake zilikuwa ndani ya kipimo cha sheria, na hakukuwa na sheria yoyote iliyomkataza mwenye basi kulitumia. Mama yake Michael, Frances Molloy, alishika kampeni kwa miaka, na tarehe 1 Februari 2021 Uingereza ikapiga marufuku matairi yaliyofikisha miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Kwa mabasi madogo ya abiria 9 hadi 16 ikaenda mbali zaidi: marufuku ni kwa magurudumu yote yasiyofungwa mawilimawili. Gari la ukubwa huo ndilo hasa linalowasubiri wageni wetu pale Malindi, na baadhi ya wageni wenyewe wanatoka nchi hiyo hiyo.

Atakayesema huo ulikuwa mkasa mmoja, na akumbuke mwaka 2000. Agosti ya mwaka ule Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka yakiwa mwendoni na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo huko Marekani vilipita 200. Yale yalikuwa na kasoro zake za kiwandani, si uzee tu, lakini ramani ya ajali ndiyo inayotuhusu. Wa kwanza kubadilishiwa Marekani walikuwa wa Arizona, California, Florida na Texas, majimbo ya joto; na kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford ilikuwa imeshaanza kubadilisha matairi nchini Saudi Arabia na majirani zake wa Ghuba. Upepo uliopendekezwa kwa gari lile ulikuwa psi 26, yaani mdogo. Joto, uzito na upepo mdogo vikikutana, tairi lenye udhaifu halisubiri. Vyote vitatu tunavyo hapa, na vinakutana katika gari moja.

Tarehe haifichwi. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mstari wake hadi mwisho, utakuta tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halina haki ya kuwa barabarani. Kuna jambo moja linalowapoteza wengi: mara nyingi tarehe kamili huchapwa upande mmoja tu, na fundi akilifunga tairi kinyume, tarehe inaelekea chini ya gari. Hapo lazima uingie chini na tochi. Michelin wenyewe, ambao biashara yao ni kuuza matairi, wanashauri tairi likishatimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 livuliwe hata kama linaonekana jipya. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataja miaka 6. Kwa gari la abiria linalolala juani Unguja, miaka 6 naiona ni mpaka wa busara, na sioni kwa nini tudai uvumilivu mkubwa kuliko wa watu wa nchi za baridi.

Pingamizi zito kuliko yote hapa ni lile la mafundi wenyewe: mtumba wa Japani ni bora kuliko jipya la Kichina. Si neno la kupuuzwa, maana limetokana na uzoefu. Yapo matairi mapya ya bei ya chini yanayokula haraka na kuteleza kwenye maji, na yapo matairi ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa ustadi ambao hata baada ya miaka hushika njia vizuri. Lakini pingamizi hilo linalinganisha tairi moja lilivyotoka kiwandani na jingine lilivyotoka kiwandani, wakati mnunuzi wa soko la Darajani hanunui kutoka kiwandani. Ananunua tairi ambalo mtu mwingine ameshaamua kulivua. Huenda lilikwaruza ukingo wa njia, huenda lilitembea bila ya upepo siku moja, huenda limezibwa kwa ndani. Hakuna wa kumwambia. Na kuna fungu la matairi ya Kijapani lisilotufaa kabisa hata yakiwa mapya. Magari mengi ya huko, hasa ya mikoa ya kaskazini yenye theluji, huvishwa matairi ya msimu wa baridi. Utayajua kwa neno STUDLESS au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, na kwa kashata zilizokatwa vijistari vingi vyembamba. Kashata zake ni nene, za kuvutia, zinapendwa sokoni. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Unguja saa nane mchana mpira huo hulegea, gari huyumba kwenye kona na breki huchelewa. Anayechagua kwa kidole juu ya kashata atalichagua hilo hilo.

Sasa uzito, na hapa ndipo makosa yanapofanywa kwa gharama kubwa na kwa furaha. Tairi la asili la Hiace hii ni 195/80R15 lenye namba 107/105 na herufi LT. Namba 107 maana yake ni kilo 975 kwa tairi moja. 105 ni kwa magari yanayofungwa matairi mawilimawili, haituhusu. Tufanye hesabu ya jioni moja ya kupeleka wageni Nungwi. Gari tupu tuliweke kilo 1,850. Wageni 12 na dereva, kwa kilo 70 kila mmoja, ni 910. Masanduku 12 ya kilo 20 ni 240. Jumla ni kilo 3,000. Ekseli ya nyuma, ambako masanduku yapo, ikibeba asilimia 55, ni kilo 1,650, yaani 825 kwa kila tairi la nyuma. Tairi la asili linabeba na akiba kubakia.

Lakini gari la watalii linataka kupendeza, na mtindo umekuwa kuvua rimu za chuma za inchi 15 na kufunga za spoti za inchi 17. Dukani mwenye gari anapewa tairi la 215/60R17. Kipimo hicho kinauzwa kwa sura mbili. Lipo la gari ndogo, namba 96, kilo 710. Lipo jingine lenye herufi C baada ya 17, namba 109, kilo 1,030. Upana mmoja, kimo kimoja, yanaingia rimu moja, na aliyezoea kusoma kipimo tu hawezi kuyatofautisha. La kwanza huwa rahisi zaidi, na muuzaji atalisifu kwa herufi yake ya mwendo, H, inayoruhusu kilomita 210 kwa saa, kana kwamba kuna mahali baina ya Bububu na Mkokotoni pa kuzifikia. Rudi kwenye hesabu: kila tairi la nyuma linadaiwa kilo 825 na uwezo wake ni 710. Hapo gari limeshazidiwa likiwa bado limesimama, kabla ya shimo la kwanza.

Rimu yenyewe nayo ina kipimo. Za Kijapani hugongwa chapa: JWL kwa magari madogo, JWL-T kwa malori na mabasi. Rimu iliyovuliwa kwenye gari jingine ikapata matundu yanayolingana na ya Hiace haijawa rimu ya Hiace. Nati pia huleta balaa la kimyakimya, kwa sababu rimu za aloi za asili za Toyota hukazwa kwa nati zenye washa bapa, ilhali za chuma na nyingi za kununua pembeni hutaka nati zenye kichwa cha mteremko. Ukichanganya, nati hushika kwa kujifanya na hulegea njiani. Mtu akinitaka ushauri kwa gari kongwe, nitamwambia abaki na rimu za chuma za inchi 15, azikwangue kutu, azipige rangi, na fedha aliyotaka kuitia kwenye urembo aitie kwenye matairi mapya ya LT au C. Chuma kikigonga shimo hujikunja na fundi hukinyoosha. Aloi hupata ufa. Tairi refu la inchi 15 pia lina ubavu mwingi wa kuhimili mawe makali ya maweni yanayotokeza kwenye njia za mashariki na kusini ya kisiwa, pale lami inapoishia kabla ya lango la hoteli. Hayo ya urembo, kwa kweli, ni suala la ladha, na ladha ya mtu si ya kubishaniwa, lakini uzito unabishaniwa.

Na tairi la LT au C halifanyi kazi yake kwa upepo wa gari ndogo. Uwezo wake wote hupatikana likijazwa upepo mwingi, kiasi cha psi 65 kwa matairi ya daraja hili, na kwa mzigo wa kawaida Toyota imeandika kipimo chake kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kazi hiyo ifanywe asubuhi, tairi likiwa baridi. Desturi ya kujaza psi 35 kila gari linalosimama kwa fundi wa pancha hulipokonya tairi zuri sifa iliyonunuliwa kwa fedha.

Wapo watakaosema Unguja hakuna mwendo wa kuua: barabara fupi, vituo vya polisi, ng'ombe, baiskeli, watoto wa skuli. Ni kweli mwendo ni mdogo kuliko bara. Lakini joto la tairi halitokani na mwendo peke yake. Mzigo na upepo mdogo hulipandisha vilevile, na lami yenyewe huwa ya moto kabla gari halijaondoka. Halafu hao watoto wa skuli na baiskeli ndio walioko pembezoni. Tairi la mbele likipasuka kwenye kilomita 70 kwa saa, usukani huvutwa upande mmoja, na barabara zetu hazina nafasi ya ziada ya kulipokea gari lililoacha njia. Wala sisemi kashata hazina kazi. Masika, maji yanaposimama barabarani, ndizo zinazoyakata, na tairi kipara ni hatari isiyohitaji makala. Kashata ni sharti la mwisho la kulikubali tairi. Kosa ni kulifanya la kwanza na la pekee.

Limebaki la fedha, nalo halina maneno mengi. Tuseme mtumba wenye miaka 7 unauzwa nusu ya bei ya jipya. Hata kwa kipimo cha ukarimu cha miaka 10, umenunua miaka 3 kwa nusu ya bei ya kitu kinachokupa 9 au 10. Kwa mpaka wa miaka 6 umenunua takataka. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na hapa hesabu yenyewe inawaunga mkono. Kwa mwenye daladala ya Fuoni au Makunduchi, ambaye nauli yake ni ya shilingi za kuhesabu, mzigo ni mzito zaidi, na sioni haki ya kumtaka abadilishe yote sita au manne kwa mkupuo. Kwake sheria ianze na matairi ya mbele na mpaka wa miaka 10, kama Waingereza walivyofanya kwa mabasi makubwa. Gari la watalii halina udhuru huo. Anayemlipa mwenye gari hilo ni hoteli au kampuni yenye uwezo wa kudai.

Kwa hiyo madai yawe mahsusi. Taasisi ya Viwango Zanzibar na wakaguzi wa magari wasome tarehe ya kila tairi, la spea likiwemo, gari linapoingia bandarini na kila linapokaguliwa, na waiandike kwenye karatasi ya ukaguzi mbele ya mwenye gari. Magari ya kubeba watalii yapewe mpaka wa miaka 6 na yasiruhusiwe tairi lisilo na namba ya uzito inayolingana na la asili. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zisisubiri sheria. Mkataba wa usafiri unaweza kuandikwa sharti hilo kesho. Wewe mwenye Hiace, kabla ya safari inayofuata chukua tochi uingie chini ya gari, usome upande wa ndani wa matairi yote manne, kisha ulitazame la spea linaloning'inia nyuma: huenda halijagusa lami tangu Japani, kashata zake zimejaa, na ndilo zee kuliko yote. Hilo lianze kutupwa.